Wauguzi Watano: Hoja Kuhusu Tiba Maalumu ya Majeraha ya Moto katika Hospitali Yenye Uhaba

Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, chumba cha wagonjwa wa moto kilifunguliwa kwa shangwe. Mlangoni palikuwa na kibao cha marumaru. Ndani, vitanda 8 vipya, mashine ya kupasha hewa joto, na bafu la chuma kisichoshika kutu lililoletwa kwa meli. Wauguzi 8 walipelekwa kozi ya wiki 6. Miaka 3 baadaye nilipita tena. Bafu lilikuwa limejaa maboksi ya fomu, mashine imefunikwa shuka, na kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa nyuma ya mlango nilitafuta majina ya wale 8. Nilikuta moja. Wengine walikuwa leba, kliniki ya macho na chanjo. Wawili walikuwa wamehamia mikoa mingine kuwafuata wenza wao. Kwa mujibu wa taratibu hakuna aliyekosea. Matroni alizungusha watumishi kila baada ya miezi 6, kama ilivyo desturi, ili kila mmoja aijue kila kazi.

Simlaumu. Nimeanza na ratiba hiyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu majeraha ya moto huishia kwenye vitu vinavyopigika picha, ilhali kinachoamua nani ataishi, na nani atarudi nyumbani na shingo inayogeuka, kiko kwenye karatasi ile ya nyuma ya mlango. Hoja yangu ni kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa yenye uhaba wa karibu kila kitu inaweza kutoa tiba inayostahili kuitwa maalumu, mradi iwaache wauguzi wasiopungua 5 wakae mahali pamoja kwa miaka. Wakikosekana hao, jengo, kisu na hata daktari bingwa vitabadilisha kidogo sana.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, walio wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na takribani theluthi mbili yao wakiwa Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia. Kwetu, anayefikishwa hospitali mara nyingi ni mtoto aliyeanza kutembea juzi. Ameshika ukingo wa sufuria ya uji, amevuta kitambaa cha meza yenye birika la chai, ametumbukia kwenye beseni la maji ya kuoga ambayo yalikuwa hayajachanganywa na ya baridi. Jiko la mkaa liko sakafuni, usawa wa kifua chake. Yuko pia mtu mzima mwenye kifafa aliyeangukia motoni. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta huko watu wenye makovu mabaya ya moto, katika jamii iliyoogopa kumgusa aliyeanguka kwa kuamini kwamba ugonjwa huo huambukiza kwa mate. Wagonjwa wa namna hiyo bado tunawapokea.

Halafu kuna siku ambazo nchi nzima husikia: Sachangwan nchini Kenya, 31 Januari 2009, Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010, mtaa wa Sinai jijini Nairobi, 12 Septemba 2011, Msamvu mjini Morogoro, 10 Agosti 2019. Mara zote nne ni mafuta yaliyomwagika na watu waliokwenda kuyachota au walioishi jirani nayo. Msamvu, watu takribani 60 walikufa siku ya kwanza. Wiki zilizofuata majeruhi waliolazwa, wengi wao wakiwa wamekimbizwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, waliendelea kufariki mpaka idadi ikapita 100. Wengi kati ya hao waliungua kiasi ambacho hakuna hospitali popote duniani ingewaahidi lolote, na si haki kumhesabia muuguzi yeyote vifo vyao. Hata hivyo, mkasa huo ulionyesha hadharani kitu ambacho wodi za kila siku hukificha: mgonjwa wa moto aliyefika wodini kwa kawaida hafi siku ya moto. Hufa siku ya 3 kwa figo, siku ya 10 kwa maambukizi, siku ya 30 kwa kukonda. Kati ya tarehe hizo kuna kazi, na sehemu kubwa yake ni kazi ya mikono.

Wanataaluma wakisikia maneno "tiba maalumu" huwaza kisu, na wana sababu. Mwaka 1970 daktari wa upasuaji aitwaye Zora Janžekovič, wa Maribor, Slovenia, wakati huo ndani ya Yugoslavia, alichapisha makala iliyogeuza fani nzima. Desturi ilikuwa kungoja wiki 3 au zaidi mpaka ngozi iliyokufa ioze na kujibandua. Yeye aliikata tabaka kwa tabaka siku chache tu baada ya ajali, mpaka afike kwenye nyama hai inayotoa damu, kisha papo hapo akapandikiza ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Maribor haikuwa Boston wala London. Ulikuwa mji wa kawaida wenye hospitali ya kawaida, na madaktari wa nchi tajiri ndio waliofunga safari kwenda kujifunza kwake. Sisi tunaofanya kazi kwenye uhaba tunaipenda sana hadithi hii. Nami nimeisimulia darasani mara nyingi, pengine kupita kiasi.

Nilianza kuisimulia kwa tahadhari baada ya kusoma matokeo ya Malawi. Hospitali ya Kamuzu Central jijini Lilongwe ina kitengo cha majeraha ya moto tangu 2011, na kitengo hicho kimetunza kumbukumbu vizuri. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina, waliwalinganisha wagonjwa waliopasuliwa ndani ya siku 5 za mwanzo na waliopasuliwa baadaye. Waliowahiwa ndio waliokufa zaidi. Ni kinyume kabisa cha yale tuliyofundishwa, na kishawishi cha kwanza ni kutilia shaka takwimu. Mimi naona zinaeleweka. Kukata ngozi iliyokufa humwaga damu nyingi kwa muda mfupi, tena kwa mtu ambaye mwili wake uko katikati ya tufani. Kama benki ya damu ina chupa 2, chumba cha upasuaji kina baridi, mgonjwa hajala vya kutosha tangu aungue, na usiku ule wodini kuna muuguzi mmoja kwa wagonjwa 30, kumpasua mapema ni kumwongezea ajali ya pili. Sidhani Janžekovič alikosea, wala sidhani Lilongwe wamemkanusha. Kisu chake kilikuwa ncha ya mnyororo mrefu wa uangalizi ambao makala yake haikuhitaji kuueleza, kwa kuwa wasomaji wake walikuwa nao tayari. Sisi tumenunua ncha kabla ya mnyororo.

Kwa hiyo nautazama mnyororo wenyewe. Chukua mtoto mmoja. Ana miaka 2, kilo 12, amemwagikiwa chai ya moto saa 12 asubuhi, kifuani, tumboni na mkononi. Anafika saa 4, mgongoni mwa bibi yake.

"Mlimpaka nini, bibi?"

"Dawa ya mswaki, mwanangu, na ute wa yai. Jirani alileta manyoya ya sungura, baba yake akakataa."

Kwanza vyote hivyo lazima vioshwe, maana hakuna anayeweza kupima kidonda kilichofunikwa na dawa ya mswaki. Kisha apimwe. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Chati ya Lund na Browder ya mwaka 1944, isiyohitaji chochote zaidi ya karatasi na kalamu, inazingatia kwamba kichwa cha mtoto ni kikubwa kikilinganishwa na kiwiliwili chake. Tuseme tunapata asilimia 20. Kanuni ya Parkland, iliyotokana na kazi ya Charles Baxter huko Dallas katika miaka ya 1960, inasema mililita 4 zizidishwe kwa kilo, kisha kwa asilimia: 4 mara 12 mara 20, yaani mililita 960 za maji ya Ringa kwa saa 24, nusu yake iingie katika saa 8 za mwanzo. Saa hizo 8 huhesabiwa tangu alipoungua. Wengi huanza kuhesabu tangu alipofika, na hapo ndipo hupotea. Mtoto huyu ameshapoteza saa 4 njiani. Mililita 480 zinatakiwa ziingie kabla ya saa 8 mchana: mililita 120 kwa saa, sawa na matone 40 kwa dakika kwa seti ya matone 20. Juu ya hapo anahitaji maji yake ya kawaida ya kutwa, yenye sukari, kwa sababu akiba yake ya sukari ni ndogo.

Hesabu hii mwanafunzi yeyote anaiweza, na ndiyo inayotiliwa mkazo kwenye kozi za wiki 6. Ugumu unaanza ikishakamilika. Kanuni ni makisio ya kuanzia. Baada ya hapo kinachoongoza ni mkojo. Mtoto huyu anatakiwa atoe takribani mililita 12 kwa saa. Akitoa 5, dripu iongezwe. Akitoa 30, ipunguzwe, maana maji yakizidi huvimbisha mwili na kulowanisha mapafu. Vifaa ni mpira wa mkojo, mfuko wenye alama na saa ya ukutani. Lakini lazima mtu ausome mfuko ule mara 24 ndani ya siku moja, na kila mara achukue uamuzi. Nimepitia mafaili mengi ya wagonjwa wa aina hii. Muuguzi aliyeletwa jana kutoka chanjo huandika, "Amekojoa." Aliyekaa na wagonjwa wa moto mwaka mzima huandika, "Saa 7, ml 7, rangi ya chai, dripu imeongezwa, daktari ameambiwa." Wote wawili wana cheti kimoja na mshahara mmoja. Figo za mtoto zimo katika tofauti ya sentensi hizo mbili.

Kuosha kidonda nako kuna elimu yake. Bafu kubwa la chuma, kama lile lililokuja kwa meli, limewahi kuwa fahari ya vitengo vya nchi tajiri, kisha likaachwa na vingi kati ya hivyo kwa sababu vijidudu vilihama humo kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine. Maji safi yanayotiririka, jagi, sabuni na kitanda cha plastiki chenye mteremko vinatosha, na ni salama zaidi. Muuguzi mzoefu hujua kwa pua kabla ya maabara: bandeji ikifunguliwa, usaha wa kijani-buluu wenye harufu tamutamu humwambia kwamba bakteria wa pseudomonasi wameshaingia, naye humsogeza mgonjwa huyo awe wa mwisho kuoshwa siku hiyo. Sijaona mwongozo unaoweza kufundisha harufu.

Hapo hapo ndipo palipo na kashfa yetu ya kimyakimya, yaani maumivu. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na kazi yake ikaonyesha kuwa mofini ya kunywa inaweza kutengenezwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo kabisa. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road huandaa dawa hiyo hiyo. Tunajua basi kuitengeneza, kuitunza kabatini na kuiandika kwenye rejesta. Lakini mara nyingi chupa ile haivuki ukumbi kutoka kwa mgonjwa wa saratani kwenda kwa mtoto anayefunguliwa bandeji, kwa hofu kwamba atazoea, au ataacha kupumua, au mkaguzi atauliza. Mtoto anashikwa na watu wanne. Analia mpaka sauti inakatika, na siku ya pili anaanza kulia akiona ndoo. Mofini ikitolewa kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kuosha, kwa kipimo kinachofuata uzito, na ketamini ikitumika kwa vidonda vikubwa chini ya mtaalamu wa usingizi, kazi inayochukua saa nzima ya mapambano huwa ya dakika 20. Ila nani atakumbuka kuitoa nusu saa kabla? Yule anayejua zamu ya kuosha inaanza saa ngapi, kwa sababu ndiye atakayeosha.

Kuhusu vifungio sina mengi. Shashi yenye vaselini hufanya kazi. Pale Mumbai madaktari walijaribu majani ya mgomba yaliyochemshwa kwa mvuke wa mtungi wa kutakasia vyombo, wakayatumia kufunika mahali palipochunwa ngozi ya kupandikiza, na wagonjwa wao wakapata maumivu machache wakati wa kuyabandua kuliko waliofungwa shashi. Sisi wenye migomba mpaka mlangoni mwa wodi tungeweza angalau kuona haya kwamba wazo hilo halikuanzia Bukoba au Rungwe.

Chakula ndicho kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote. Mwili uliounguzwa hujila wenyewe. Mgonjwa huweza kuhitaji gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo kwa siku, na mtoto zaidi ya hapo. Mtu mzima wa kilo 60 huweza basi kuhitaji hadi gramu 120. Ugali na mchicha alivyoletewa na shemeji yake saa 7 mchana havifiki hata robo. Yai moja lina gramu 6 hivi, lita ya maziwa gramu 30 na ushei, na gramu 100 za dagaa wakavu hupita 50. Hesabu inafungika kwa vyakula vya soko la jirani: uji wa unga wa karanga uliotiwa mafuta na maziwa mara 3, mayai 4, dagaa waliosagwa ndani ya mboga. Haifungiki kama hakuna anayeandika kilicholiwa. Kwa wagonjwa wa aina hii ningependa kuona karatasi ya chakula kitandani kabla sijaona karatasi ya antibiotiki, ambayo mara nyingi hutolewa bila sababu kwa mgonjwa asiye na dalili za maambukizi, na wakati huo huo hakuna anayejua kwamba hajala tangu jana.

Na kuna suala la jinsi anavyolala. Mlalo unaompa mgonjwa raha ndio unaomlemaza. Aliyeungua shingo huinamisha kidevu, aliyeungua kwapa hubana mkono, mtoto aliyeungua kiganja hukunja ngumi. Kovu likikomaa katika mlalo huo hukaza kama kamba iliyolowa ikakauka. Dawa yake ni kuondoa mto chini ya kichwa, kutandaza mkono kwa plasta au kwa kipande cha bomba la maji la plastiki lililolainishwa kwenye maji ya moto na kuumbwa, na kumfundisha mama kunyoosha kiungo mara kadhaa kwa siku ingawa mtoto analia. Mama hatafanya hivyo kwa kuambiwa mara moja na mtu ambaye kesho hatamwona. Atafanya kwa kuwa Sista yule yule amesimama pale kila asubuhi kwa wiki 4 na kumuuliza. Tunapochelewa, hubaki upasuaji wa kukata makovu. Huko Haydom, mkoani Manyara, madaktari wa Tanzania na Uholanzi wamewafuatilia waliofanyiwa upasuaji huo na kuonyesha kuwa hurudisha kazi ya viungo kwa kiasi cha kutia moyo. Nafurahi kwamba upo. Ningefurahi zaidi kama foleni yake ingekuwa fupi.

Mnyororo huo ukiwa umeshika, kisu kina mahali pake, tena mahali pa heshima. Siku moja ya upasuaji kila wiki, isiyochukuliwa na dharura nyingine. Kisu cha Humby cha kuchunia ngozi, ubao laini wa kunyooshea ngozi, wembe wa kutoboa matundu kwenye ngozi ya kupandikiza pale ambapo hakuna mashine ya kuitanua, na maji yenye adrenalini iliyozimuliwa sana yakidungwa chini ya ngozi ili damu isimwagike ovyo. Tuanze na maeneo madogo yenye faida kubwa, kama mgongo wa mkono, kope, shingo. Vidonda vikubwa vingoje mpaka damu iwepo na mgonjwa awe anaongezeka uzito, hata kama kungoja kwenyewe kutaonekana kama kurudi nyuma ya mwaka 1970. Shirika la Interburns, katika viwango lilivyovitoa kwa nchi zenye uhaba, liligawa huduma hii katika ngazi 3: ya msingi, ya kati na ya juu. Sioni aibu hospitali ya mkoa kujitangaza kuwa ya msingi na kuifanya ngazi hiyo kwa ukamilifu. Naona aibu inapojiita kituo cha ubingwa huku mkojo haupimwi.

Wapo watakaosema hoja hii inampa matroni mzigo asioweza kuubeba, kwamba kuzungusha watumishi kuna maana yake. Ni kweli. Hospitali ndogo ikiwa na mtu mmoja tu anayejua kazi fulani, siku akiugua kazi hufa. Tena wodi ya moto huchosha roho. Nimemwona muuguzi mwenye miaka 11 kazini akiomba kuhamishiwa wodi yoyote, hata chumba cha maiti, kwa sababu hakuweza tena kusikia mtoto akimwita "nesi mbaya". Kumzuia mtu kama huyo pale kwa jina la ubingwa ni ukatili. Lakini mzunguko wa miezi 6 haukuundwa kwa ajili ya kuponya uchovu wa namna hiyo, na hauuponyi. Huugawa tu kwa watu wengi zaidi, wote wakiwa hawajui wafanye nini. Kinachouponya kwa sehemu kubwa ni dawa ya maumivu iliyotolewa kwa wakati, kwa sababu muuguzi huchoshwa na kelele za mtoto anayeumizwa na mkono wake mwenyewe kuliko anavyochoshwa na kazi. Kingine ni posho ya mazingira magumu, na haki ya kuondoka baada ya miaka 2 kwa kumfundisha atakayempokea, uso kwa uso, kwa mwezi mzima.

Wengine watauliza kwa nini tusiweke nguvu kwenye kinga, tukainua majiko kutoka sakafuni na kuwatibu wenye kifafa. Tufanye hivyo, leo. Sioni inavyomsaidia mtoto wa kilo 12 aliyekwisha kumwagikiwa, wala sioni ni nani angejua jiko lipi liinuliwe kwanza kama hakuna wodi inayoandika walivyoungua. Shirika la Afya Duniani lilifungua mwaka 2018 rejesta ya kimataifa ya majeraha ya moto ambayo hospitali yoyote inaweza kujiunga nayo. Inauliza mambo ya kawaida kabisa: aliungua wapi, na nini, saa ngapi, alichukua muda gani kufika. Kinga inaanzia kwenye majibu hayo, na majibu hayo huandikwa na mtu anayebaki.

Sasa namba yenyewe. Wodi huwa na zamu 3 kwa siku, siku 7, yaani zamu 21 kwa wiki. Muuguzi mmoja hufanya zamu 5. Ili kila zamu, pamoja na zile za usiku wa Jumapili ambazo hakuna anayezitaka, iwe na japo mtu mmoja anayejua kusoma mkojo, harufu na mlalo, tunahitaji watu 4 na kidogo; tukiweka likizo, ugonjwa na uzazi, ni 5. Wengine wa wodi wazunguke wapendavyo. Hawa 5 ndio kitengo. Mganga mfawidhi anayeambiwa hana bajeti ya kitengo cha majeraha ya moto ana watu hao tayari, wako kwenye orodha yake ya mishahara. Anachotakiwa kutoa ni sentensi moja kwenye mpango wa hospitali inayosema kwamba majina haya hayaguswi kwa miaka 2, na ujasiri wa kuitetea pale leba inapopungukiwa, kwa maana leba itapungukiwa, na mjadala huo utakuwa mchungu. Sina jibu jepesi kwa mama anayejifungua bila mkunga wa kutosha. Najua tu kwamba kuchukua muuguzi 1 kati ya 5 huku kunavunja zaidi kuliko kuongeza 1 kwenye 20 kule kunavyojenga.

Nilimtafuta yule mmoja aliyebaki kwenye ratiba. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi, lililoshonwa upya kwa uzi wa kufungia vidonda. Kila ukurasa una mgonjwa mmoja: tarehe, kilichomuunguza, uzito wa siku ya kwanza na wa siku ya kutoka, na namba ya simu ya jirani. Upande wa kulia kuna safu aliyoichora mwenyewe kwa rula, iliyoandikwa "Karudi?". Jumamosi hupiga simu kwa salio lake. Nilikaa naye wakati akimpigia mama mmoja wa mbali, akamuuliza kama mtoto anaweza kutazama juu bila kuvuta mdomo wa chini, kisha akasikiliza kwa muda mrefu na kuandika.

"Sista, daftari hili ukihama litabaki na nani?" nilimuuliza.

Alilifunga, akaliweka ndani ya droo. "Ndilo ninalowaza, daktari. Zamu mpya zinaanza tarehe 1."